Somo Nililowaficha Wanafizikia

Siku ile Shefu wa Santri, mkuu wangu wa kazi, aliponiita ofisini kwake, ilinipasa kumjibu hapana. Alikuwa amekaa nyuma ya meza, amevaa abakosti, lile koti la Zaire lisilovaliwa tai, la rangi ya majivu, na nje ya dirisha vumbi jekundu la Kolwezi lilikuwa limening'inia hewani, halipandi wala halishuki. Aliniambia niwafundishe wanafizikia wa kampuni lugha ya Fortran, ila nisiwafundishe yote. Nilisimama pale kwenye zulia lake, nikaiona sura yangu imefifia katika kioo cha kabati, nikasema, "Ndiyo, Shefu." Nimesema maneno mengi maishani tangu siku hiyo, lakini hayo mawili ndiyo yanayonirudia asubuhi, kabla sijajua vizuri kama nimeamka.

Ninyi vijana mnaosoma haya mnabeba kompyuta mfukoni, mnailalia, mnaisahau kwenye teksi. Sisi, miaka ile ya Zaire, tulikuwa na moja tu, na ilikuwa na nyumba yake. Nyumba hiyo tuliiita Santri, yaani Kituo cha Hesabu cha kampuni ya shaba. Ndani yake kulikuwa na mitambo ya kupoza hewa iliyonguruma mchana kutwa, na makabati makubwa ya chuma yenye taa ndogo zilizowaka na kuzima. Mashine haikutaka joto wala vumbi, na mji wetu ulikuwa na vyote viwili kwa wingi. Kwa hiyo mashine ilikaa vizuri kuliko mtu yeyote wa Kolwezi.

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia humo nimevaa shati la mikono mifupi, nikatetemeka mpaka jioni. Nilikuwa nimeacha sekondari kabla ya diploma, yaani cheti cha kuimaliza, baba alipofariki na karo ikakosekana. Waliniajiri kusukuma vigari vya kadi. Msimamizi wetu alikuwa mtaalamu wa kigeni, mtu mrefu aliyeongea kwa sauti ya chini kama aliye kanisani. Alinitazama nikitetemeka, akavua sweta yake akanipa.

"Usiiogope," aliniambia kwa Kifaransa, akiionyesha mashine kwa kidevu. "Inafanya inachoambiwa tu. Ogopa watu wanaoiambia."

Nilicheka kwa adabu, maana sikuelewa.

Mtaalamu yule ndiye aliyenitoa kwenye vigari akanifanya opereta, yaani mtu wa kuilisha mashine kadi na kuipokelea karatasi zake. Wageni walipoanza kuondoka nchini, naye aliondoka. Aliniachia vitabu vyake vya Fortran, vizito, vyenye harufu ya tumbaku. Nilivisoma nyumbani kwenye kampu ya wafanyakazi, mke wangu Zaina akisonga bukari, ugali wetu, jikoni, nikijaribu kuona ndani ya kichwa changu jinsi maneno yanavyogeuka kuwa hesabu. Nyakati nyingine nilisinzia na kitabu kifuani. Ndotoni nilikuwa ninatembea ndani ya mashine yenyewe, katika vichochoro vya baridi, nikisalimiana na namba kama majirani.

Sasa niwaeleze kadi, kwa sababu bila kadi hamtaelewa kosa langu. Fortran ni lugha ya kuiandikia mashine fomula. Mtu aliandika mistari yake kwa penseli kwenye karatasi yenye vyumba, kisha karatasi ikaenda kwa akina mama wa kutoboa kadi. Kila mstari ulitobolewa kwenye kadi yake, kipande cha karatasi ngumu chenye safu themanini. Lakini Fortran haikusoma safu zote themanini. Ilisoma mpaka safu ya sabini na mbili, ikaishia hapo. Safu za mwisho ziliwekwa kwa ajili ya namba za mpangilio, ili boksi likianguka kadi zikamwagika, mtu aweze kuzipanga tena. Fomula ikiwa ndefu, unaikata na kuiendeleza kwenye kadi ya pili, ukiweka alama kwenye safu ya sita.

Na usipoikata? Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Kipande kilichopita mpaka, mashine ilikiacha bila kusema kitu. Haikulia, haikukataa. Na kwenye karatasi za matokeo ilichapa mstari wote mzima, hata kile ilichokiacha, kwa hiyo jicho lako liliona fomula kamili, kumbe hesabu imefanywa kwa fomula pungufu.

Hilo ndilo somo nililoambiwa nilibakize.

Shefu wa Santri, aliyeshika nafasi ya yule mtaalamu, alikuwa mtu mwerevu na mwenye hofu. Katika mazungumzo alipenda Kiswahili chetu cha huku, chenye ba na bi mahali pa wa na vi, Kifaransa alikiweka kwa ajili ya mikutano.

"Tangu leo jina yako ni Mwalimu," aliniambia. "Bale badoktari ya fizike banataka kujua Fortran. Mukurugenzi amekubali. Utabafundisha kuandika fomula, basi. Bitu bya ndani, mambo ya safu, mambo ya kukata mustari, achana nabyo."

"Juu ya nini, Shefu?" nilimwuliza sababu. "Si watakosea?"

"Bakikosea, weye utatengeneza. Pole pole, bila kelele." Akatabasamu. "Ukimufundisha mutu kupika, kesho atakuja kula kwako? Bale bakijua yote, bataomba mashine yao Kinshasa. Mi na weye tutarudia kusukuma vigari."

Akaongeza kwa upole, na neno hilo ndilo lililonimaliza: "Na tena, weye mutu wa sekondari, utasimama mbele ya doktari, benzake banaangalia, umwambie 'umekosea'? Ni haya, hiyo. Kumutengenezea kwa kimya ni heshima."

Nitakuwa mwongo nikisema nilishurutishwa. Heshima aliyoitaja tunaijua sote: kwetu mtu hamkosoi mkubwa wake hadharani, humfunika. Lakini mimi nililifurahia lile jina la Mwalimu, na nililifurahia zaidi wazo kwamba watu wenye digrii watanihitaji kila siku. Hofu yake na majivuno yangu vilipeana mikono juu ya ile meza.

Darasa lilikuwa chumba cha nyuma chenye ubao mmoja. Wanafizikia walikuja na viatu vyekundu kutoka migodini, wakapangusa miguu mlangoni kwa muda mrefu kama watu wanaoingia msikitini. Kazi yao ilikuwa kupima ardhi bila kuichimba: mvutano wake, sumaku yake, mwendo wa mitetemo ndani ya mwamba. Walikuwa wanafunzi wema, na walikuwa wepesi. Nilipoandika ubaoni kwamba mashine inaweza kurudia hesabu ileile kwa kila kituo cha kipimo bila kuchoka, mmoja wao alisema kama anayejisemea: "Basi itaweza kutembea mahali ambapo miguu yetu haifiki."

Huyo alikuwa Doktari Mukalay. Alitoka kaskazini mwa Katanga, alisoma chuo kikuu Lubumbashi, kisha nje, akarudi, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri, na tangu siku ya kwanza aliniita Mwalimu bila mzaha. Kazi yake ilikuwa gravimeta, chombo cha kupima jinsi ardhi inavyovuta. Alikibeba kwenye sanduku lake kama mtu anavyombeba mtoto aliyelala, na alitembea polepole hata pale njia ilipokuwa nzuri.

Jumamosi moja alinichukua tukaenda upande wa Kingamyambo, kwenye malundo ya mchanga uliobaki baada ya kiwanda kutoa shaba. Ilikuwa msimu wa baridi. Ukungu ulikuwa haujaondoka, na yale malundo meupe yalionekana kama yanaelea. Aliweka chombo chini, akainama, akatazama ndani ya kijicho chake kwa muda mrefu.

"Uko unasikia?" aliniuliza.

"Sisikii kitu, Doktari."

"Na mi sisikii kitu. Njo maana tuko na mashine." Akacheka mpaka miwani ikateleza. Kisha akanieleza, na bado ninaisikia sauti yake ikija kutoka ndani ya ukungu ule. "Angalia, Mwalimu. Mahali kuko mawe mazito chini, ardhi inavuta kidogo zaidi. Kidogo sana, weye hauwezi kujua, lakini chombo inajua. Sasa hii kilima ya muchanga iko juu yetu, inavuta chombo kwenda juu. Na lile shimo ya mugodi kule, udongo wake umeondoka, hauvuti tena. Kilima na shimo, byote bibili binatudanganya kwa namna moja: binafanya tuone ardhi ni nyepesi kuliko ilivyo. Bazungu baliandika fomula juu ya milima ya Mungu. Mi nataka kuongeza milima yetu, ile tulijenga sisi benyewe na makoleo."

Kipande hicho cha fomula kilikuwa chake. Alikitunga, akakirekebisha, akakipenda. Kilikaa mwisho kabisa wa mstari.

Siku hiyo nilimwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu, hata Zaina: kwamba nilitaka kusoma fizikia. Nilidhani atacheka. Alichukua kijiti akachora mchangani mshale wa nguvu na mshale wa mwendo.

"Weye unanifundisha Fortran, mi nitakufundisha fizike. Utafanya mutihani ya diploma, alafu mi mwenyewe nitakupeleka kwa bale balimu bangu ya Lubumbashi. Banapokea batu bakubwa pia, mutu akisimama nyuma yao. Mi nitasimama."

Kuanzia hapo kila Jumamosi nilikaa kwenye baraza la nyumba yake. Sijui niwaelezeje Jumamosi zile. Mkewe alituletea karanga na chai, mbali reli ya kiwanda iligonga, na Mukalay alizungumza juu ya mwanga, joto, na vitu vinavyoanguka. Mara nyingine aliacha sentensi katikati, akatazama angani, na mimi nilitazama alipotazama, na tulikaa hivyo. Hakuwahi kunificha kitu. Nikiuliza swali la kijinga, alisema, "Hilo ni swali ya zamani sana, batu bakubwa baliliuliza," na nilijiona nimeingia ukoo fulani.

Na Jumatatu alileta karatasi zake Santri, nami nikamtengenezea kwa kimya.

Mwenzangu katika hilo alikuwa Mama Feza, mkubwa wa wale mama wa kutoboa kadi, mwanamke mnene mwenye vidole vyepesi ajabu. Yeye ndiye aliyeona mstari ukipita. Alikuja mlangoni na karatasi mkononi, akiniita Tata, yaani baba, kama kawaida yake.

"Tata Mwalimu, doktari yako amevuka mupaka tena, hana pasi."

"Lete, Mama."

"Juu ya nini haumwambie? Mi nitamwambia, mi siogope badoktari. Mume wangu anakoroma zaidi yao."

"Hapana, Mama. Acha. Nitatengeneza."

Alinitazama, akabetua mdomo, akaniachia. Nilikata mstari, nikaweka kipande kwenye kadi ya pili, matokeo yakatoka sahihi. Mukalay alipoyapokea aliyabusu yale makaratasi na kuniambia, "Unaona? Nimeanza kuwa fundi!" Nilimjibu kwamba ndiyo, ameanza kuwa fundi.

Mnielewe. Hakuwa mtu wa kushindwa kuelewa kitu kidogo namna ile. Ningalimwambia mara moja tu, angalielewa kabla sijafunga mdomo. Lakini kila nilipomtengenezea bila kusema, kusema kuliongezeka uzito. Ningeanzaje? Ningesema nini juu ya zile mara za nyuma?

Ndipo ukaja ujumbe kutoka Sandoa, kwetu, kwamba mama yangu amefariki.

Mukalay alinisindikiza stesheni. Wakati huo alikuwa katika kazi kubwa ya maisha yake: kampuni ilitaka kujua pa kuchoronga, yaani kutoboa ardhi kwa mashine ili kutoa sampuli za mwamba, na mahali pa kuchagua palikuwa pawili. Pa kwanza palikuwa karibu na shimo la mgodi na lundo la mchanga. Pa pili palikuwa kwenye mbuga tambarare. Vipimo alikuwa navyo vyote. Ilibaki hesabu.

"Enda uzike mama," aliniambia, ameushika mkono wangu kupitia dirisha la behewa. "Mi nitakungoja. Bila weye sigusi kadi."

Treni ilikuwa imesimama. Watu walikuwa wanapitisha kuku na magunia madirishani. Nilikuwa na muda. Maneno yenyewe yalikuwa machache: usivuke safu ya sabini na mbili. Niliyasikia kabisa ulimini. Kisha treni ikashtuka, ikaanza kwenda, na Mukalay akatembea kando yake akinipungia, mwembamba, hadi jukwaa lilipokwisha.

Nilishuka Kasaji, nikapanda lori la mfanyabiashara mmoja wa asili ya Maniema, nikafika Sandoa. Tulimzika mama. Kwetu msiba hauharakishwi, kulikuwa na mambo ya ukoo ya kumaliza, na niliporudi Kasaji nikakuta treni haipo kwa kukosa mafuta. Nilingoja pale stesheni kati ya magunia ya muhogo, nikilala na kuamka. Sikumbuki vizuri siku zile. Nakumbuka reli zikimeta jua likizama, na wazo kwamba Mukalay ananingoja.

Hakuweza kuningoja. Mkurugenzi wa Utafiti alitaka jibu, mashine ya kuchoronga ilikuwa imekaa bure, wakubwa walipiga simu. Niliporudi Santri, Mama Feza alinikuta mlangoni. Alinikumbatia kwanza kwa ajili ya msiba.

"Pole, Tata. Mama ni mama." Kisha akashusha sauti. "Doktari alileta kazi yake. Alivuka tena. Weye haukuwa, na ulisema mi nisimwambie. Nikatoboa vile aliandika. Si njo kazi yangu?"

"Njo kazi yako, Mama," nilimwambia. Hakuwa na kosa lolote.

Nilichukua kadi zile nikazisoma moja moja. Mstari ulikuwa umekatika mahali safi kabisa, baada ya tarakimu, kabla ya alama ya kujumlisha. Kile kipande cha mwisho, milima yetu na mashimo yetu, kilikuwa kimebaki upande wa pili wa mpaka. Mashine haikukihesabu. Kwa hiyo mahali pa karibu na lundo palionekana pepesi, na ile mbuga tambarare, kwa kulinganisha, ikaonekana nzito. Mashine ya kuchoronga ilikuwa imepelekwa mbugani na imeanza kazi.

Nilikwenda kwa Shefu. Aliposikia, alifunga mlango.

"Kazi imeanza," alisema. "Ukisimamisha leo, bataniuliza juu ya nini badoktari bangu habajui safu. Nitasema nini? Nitasema mi nilikataza? Nyamaza. Pengine chini kuko kitu. Ardhi ni ya Mungu."

Nikanyamaza. Majuma yale nilipita mara kadhaa kwenye barabara ya mbuga ile, nikasikia mtambo ukigonga mbali, kwa utulivu, kama moyo wa mtu mwingine. Nilimwomba Mungu aweke shaba mahali ambapo hakuiweka.

Hawakukuta kitu. Zile fimbo za mwamba zilizotolewa chini zilipangwa kwenye visanduku vyake, zote nyeupe-kijivu, bila doa la kijani la shaba. Tuliitwa kwenye chumba cha mikutano, wanafizikia upande mmoja, watu wa Santri upande mwingine. Mukalay alikuwa amekonda. Mkurugenzi wa Utafiti hakupaza sauti; alimwita Sitwayen, yaani mwananchi, kama watu wa miaka ile walivyoitana kirasmi.

"Sitwayen Mukalay, mashine imekosea au wewe?"

"Nimerudia fomula," Mukalay alisema. "Iko sawa. Sielewi."

Shefu wa Santri alikohoa. "Mashine haikosei, Sitwayen Mkurugenzi. Na mafunzo walipata." Akanigeukia. "Mwalimu yuko hapa. Mwalimu, uliwafundisha?"

Mukalay alinitazama. Hakunitazama kwa shaka. Alinitazama kama mtu anayesubiri msaada wa rafiki, ametulia.

"Niliwafundisha, Shefu," nikasema.

Waliamua kumwondoa kwenye utafiti na kumpeleka kupima vumbi la kiwandani. Yeye alijiuzulu. Alipata nafasi ya kufundisha katika shule ya misheni Kasaji. Nilimfuata nyumbani alipokuwa anafunga mizigo, nikamweleza kila kitu pale barazani, nimesimama. Alinisikiliza akiwa ameshika kamba mkononi.

"Mara ngapi ulitengeneza kazi yangu?"

"Mara nyingi, Doktari."

"Na mi nikakushukuru." Alikaa juu ya sanduku. "Nilifikiri nimekuwa fundi. Kumbe nilikuwa mutoto mwenye kushikwa mukono juu ya kuandika."

"Nilikuheshimu. Sikutaka kukuaibisha."

"Mwalimu," alisema, na ilikuwa mara yake ya mwisho kuniita hivyo, "mi nilikufundisha yote nilijua. Bile sikujua, nilikuambia sijui. Heshima ni ile." Akafunga fundo, akalijaribu. "Mukurugenzi eko ofisini mpaka jioni. Uko tayari kuenda kumwambia bile umeniambia mi?"

Nilimwambia anipe siku mbili tatu. Nilikuwa nafikiria nyumba ya kampuni, watoto, Shefu. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepata matokeo aliyoyatarajia, akaendelea kufunga.

Sikuenda kwa Mkurugenzi, si siku ile wala siku nyingine.

Baada ya muda wengine walichoronga karibu na lundo, wakapata mawe ya kijani. Hakuna aliyelitaja jina la Mukalay. Shefu wa Santri alihamishiwa Kinshasa, na aliyekuja baada yake, mtu mpole mwenye kupenda usingizi wa mchana, aliniambia, "Fundisha unavyotaka." Nikafundisha. Kila darasa jipya nililianza kwa kuchora kadi ubaoni na mstari mwekundu kwenye safu ya sabini na mbili. Wanafizikia wapya walicheka: "Mwalimu, umeanzia mwisho!" Niliwakosoa mbele ya wenzao, hata wakubwa, kwa sauti ya kawaida, na hakuna aliyekufa kwa aibu. Nilishangaa jinsi lilivyokuwa jambo jepesi.

Diploma nilijaribu kuendelea nayo peke yangu. Nilifungua kitabu Jumamosi, nikasoma mstari mmoja mara nyingi, na mstari uliyeyuka. Siku ya mtihani ilifika, nikabaki nyumbani nikirekebisha kiti. Na hata ningalifaulu, nani angalisimama nyuma yangu Lubumbashi?

Miaka baadaye, nikienda tena Sandoa, treni ilikaa Kasaji muda mrefu. Nilimwona sokoni, ameshika baiskeli, mvi zimemwingia, wanafunzi wawili wakimsalimu. Nilimwendea. Alinijua mara moja.

"Jambo, Sitwayen," alisema.

"Jambo, Doktari. Habari ya siku nyingi?"

"Nzuri. Safari njema." Akapanda baiskeli.

Kazi yenyewe ilikwisha kidogo kidogo. Vipuri vilikosekana, kadi zikaisha, vikaja vioo na vibonyezo vya kompyuta mpya, kisha Santri ikafungwa na makabati yale ya chuma yakauzwa kama chuma chakavu. Nilistaafu nikiwa opereta mwenye jina la Mwalimu. Wajukuu wananiuliza Fortran ni nini, nawaeleza, wanasikiliza kwa upole. Ninyi mtakaofundisha wengine, kazi yoyote ile, sina hekima kubwa ya kuwapa. Fundisheni mpaka mwisho wa kadi, na mtu akikosea mwambieni siku hiyohiyo.

Habari za kifo cha Mukalay niliambiwa na mwanamke anayeleta mahindi kutoka Kasaji. Alikuwa amekwisha kuzikwa.

Ile "Ndiyo, Shefu" ilimnyang'anya yeye kazi aliyoipenda. Mimi ilininyang'anya rafiki, na pamoja naye fizikia: sikufanya mtihani, sikukanyaga chuo kikuu, na yule mtu mmoja aliyeamini kwamba ningeweza alikufa bila kunisamehe.